Kwenye Pomme Hakuna Sambusa

Mimi si mtu wa kutoka. Nyumba yetu iko kwenye mteremko juu ya ziwa, upande wa Rwanda, na kutoka mlangoni kwangu ninaiona Bukavu yote imelala kwenye vilima vyake ng'ambo ya maji, karibu kiasi kwamba hewa ikiwa safi unaweza kujua nani kaanika shuka mtaa wa Nguba. Mama yangu anaishi huko, Kadutu. Mtu mwenye miguu anashuka mpaka darajani, anavuka Rusizi, anapanda upande wa pili, na kabla ya jua la utosi amekwisha kula kwao. Miguu ninayo. Ninaitumia kwenda jikoni.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Ubelgiji, alipokuja kumzika baba alileta tableti mbili. Zilikuwa mapacha: chapa moja, mfumo mmoja, hata mfuniko wa bluu mmoja, mpaka nikalazimika kuipaka ya Mama rangi ya kucha kwenye kona. Moja ikabaki Kadutu, nyingine ikavuka daraja pamoja nami. Kaka akasema, "Sasa mutakuwa munaonana kila siku." Kumfundisha Mama akaniachia mimi, kwa kuwa katika familia yetu mimi ndiye niliyemaliza sekondari nikarudi nyumbani kukaa, na mtu anayekaa hudhaniwa ana nafasi.

Nilimfundisha bila kuinuka kwenye kiti. Nilikuwa nampigia kwenye simu yake ndogo ya tochi, anaibana sikioni, kisha kila mmoja anaweka tableti yake magotini. Kwa kuwa zilikuwa mapacha, nilichokiona mimi ndicho alichokiona yeye. Chini kabisa ya kioo kulikuwa na alama tatu: pembetatu ya kurudi nyuma, duara la kurudi mwanzo, na mraba ambao mpaka leo sijaujua faida yake. Mama aliuza vyakula barabarani miaka yake yote ya nguvu, hakuwa na haja na maneno ya shule. Pembetatu ikawa sambusa. Duara likawa mandazi. Mraba, kipande cha sabuni. Na ile alama ya kijani ya kupiga simu za kuonana akaiita sombe, yaani kisamvu.

"Maman, uko naona sambusa?"

"Niko naiona."

"Usiiguse. Finya mandazi."

"Nimefinya. Imetokea picha ya ua."

"Hapo njo nyumbani. Sasa tafuta sombe."

"Sombe iko. Lakini haina hata mafuta."

"Finya sombe, Maman, wacha kupika!"

Basi kioo changu kingewaka, na ningeonyeshwa kwanza dari, kisha sikio moja, kisha paji la uso. Ikawa desturi yetu ya kila alasiri. Alikuwa akiniuliza nimepika nini, nami namdanganya, kwa maana kumwambia mama aliyepikia mtaa mzima kwamba umekula viazi vya jana ni kujitafutia matusi.

Kusahau kulimwingia polepole, kama maji yanayopanda kwenye nguo iliyogusa beseni. Kulianza na majina ya wajukuu. Kukaja kwenye mambo ya jana, kisha ya asubuhi. Siku moja akaniuliza, "Baba yenu ametoka?" Nikamwambia, "Ametoka, Maman." Nilikuwa nimemwona baba akishushwa kaburini, naye alikuwa amesimama kando yangu, lakini nilitazama pembeni mwa kioo nikasema ametoka, na kesho yake nikasema tena.

Vidole vyake tu havikusahau. Mdogo wangu wa kike, anayeishi naye, alikuwa akinisimulia kwa mshangao: Mama hajui kama amekula, hajui ni juma gani, lakini alasiri ikifika anaketi, anafinya mandazi, anafinya sombe, anafinya picha yangu. Hahitaji tena simu ya tochi wala sauti ya kumwongoza. Ndiyo njia pekee aliyokuwa bado anaijua, na njia hiyo ilikuwa inafika kwangu.

Kisha ile sombe yenyewe ikaanza kutoa onyo: mfumo wa mashine hii umezeeka, karibuni sitafanya kazi humu tena.

Kaka hakupoteza muda. Kule kwake nyumba nzima ilikuwa imehamia kwenye zile mashine zenye alama ya tofaa lililong'atwa, ambazo sisi tunaziita pomme tu. Akatuma mbili mpya kwa mkono wa msafiri, yangu na ya Mama, kisha akanipigia, na kwake mimi bado ni petite, mdogo wake.

"Petite, ile mfumo yenu hata musée ya vitu vya zamani inaikataa. Hamia huku, kiisha umuhamishe na Maman."

"Maman hawezi kujifunza kitu kipya, kaka."

"Na siku anafinya ile ya zamani, hakuna muntu, utamuambia nini? Unataka ile?"

Sikutaka ile. Ndiyo iliyonifanya nifungue boksi.

Niliijaribu pomme juma zima, na sitaficha: ni mashine nzuri, nyepesi, kioo chake kinang'aa kama sahani ya harusi. Lakini chini ya kioo hicho hakuna kitu. Kurudi mwanzo unasukuma kidole kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayefuta vumbi. Kurudi nyuma ni mshale mdogo kule juu kushoto, na mara nyingine mshale wenyewe haupo, ujijue. Siku ya pili niliingia kwenye habari za mvua za mji nisioujua, nikashindwa kutoka mpaka nikaizima. Na mimi ndiye mhandisi wa familia.

Mume wangu anafanya kazi kwenye mashine za kukoboa mpunga Bugarama, anarudi Jumamosi na vumbi la pumba kwenye nyusi. Alinikuta mashine zote nimezipanga mezani, natazama moja, natazama nyingine.

"Maman, wewe hata upande wa kitanda hujawahi kubadilisha," akasema, maana kwetu kila mwanamke mzima ni Maman. "Utabadilisha mfumo?"

"Cheka. Hii hakuna sambusa."

"Hakuna nini?"

Nikamweleza. Aliacha kucheka, akavua viatu. "Vuka," akasema. "Umuwekee mkononi, uone vidole vyake vinasemaje. Kwa simu hutajua."

Ninayo sababu nzuri ya kutovuka, tangu mji ule ulipoingia kwenye mikono ya waasi, na watu huniheshimu nikiitaja. Lakini kabla ya hapo daraja lilikuwa wazi miaka na miaka, nami nilikuwa nimekaa vilevile. Nilikuwa najiambia kwamba namwona Mama kila siku. Na kweli nilikuwa namwona: dari, sikio, paji la uso.

Nikavuka Jumanne. Kwa jinsi nilivyojipamba ungedhani naenda kuposwa: kitenge kipya, viatu vya kubana, peruki iliyonikaa kichwani kama mgeni asiyejua aketi wapi. Wanawake wengine darajani walibeba nyanya, maziwa, kuku miguu juu. Mimi nilibeba tableti tatu, pomme mbili na ile yangu ya zamani, ili nimwonyeshe Mama bega kwa bega. Askari wa mpaka akafungua mfuko, akanitazama.

"Maman, unaenda kufungua butiki?"

"Naenda kufundisha."

"Aa, mwalimu! Pita, mwalimu."

Mdogo wangu alinifungulia mlango, akanikumbatia, akarudi uani kwenye sufuria zake. Mama alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, mdogo kuliko alivyokuwa kwenye kioo. Akaniangalia vizuri, kwa adabu.

"Karibu, Maman. Ikala." Akanionyesha kiti.

"Maman, ni miye."

"Asinge, asinge," akasema, salamu ya kwetu, kwa sauti ile ya kumpokea mtu aliyetumwa na kanisa. Nilidhani ni peruki. Nikaivua. Akapiga makofi kwa furaha. "Ooo! Siku hizi bamama munavaa nywele kama kofia!"

Lakini hakuniita jina. Nilimshika mkono, nikataja jina la baba, la kaka, la mtaa tuliozaliwa. Akaitikia yote kwa upole, kama mtu anayesikiliza habari za familia nyingine.

Nikafanya anachofanya mwalimu mwoga: nikaanza somo. Nikamwekea pomme magotini. Kidole chake kikashuka moja kwa moja chini ya kioo, kikagonga pale, kikagonga tena, kikatembea kushoto na kulia kutafuta.

"Sambusa iko wapi?"

"Hii haina, Maman. Hii unasukuma hivi."

Akajaribu kusukuma. Kioo kikaruka mahali asipopajua. Akakigeuza, akaangalia mgongoni, akanigeukia.

"Sasa muntu anarudiaka kupitia wapi?"

Niliutafuta ule mshale wa juu kushoto. Haukuwepo.

Akaipangusa pomme kwa pindo la kitenge chake, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ni ya bei. Benyewe batakuya kuitafuta. Miye niko na yangu." Akaitoa ile ya zamani chini ya mto wa kiti, yenye rangi ya kucha kwenye kona. "Ngoja kidogo, Maman. Nisemeshe kwanza mutoto wangu wa Rwanda. Ni saa yake. Akikosa kuniona, anafikiri mubaya."

Mandazi. Sombe. Picha yangu.

Mtandao wa kwetu unafika mpaka Kadutu. Chini ya kiti, ndani ya mfuko wangu, ile yangu ya zamani ikaanza kulia.

Nilifungua mdomo niseme: Maman, weka chini, niko hapa, magoti yako na yangu yanagusana. Akainua kidole. "Sss. Iko naita."

Nikachukua mfuko nikatoka uani. Mdogo wangu aliniona nikisimama kando ya jiko na tableti ikilia mkononi, akatazama mlango wa sebuleni, akageuzia uso sufuria.

Nikafinya kijani.

"Ooo, mutoto wangu!" Uso wake ulifunguka wote, safari hii uso mzima, si dari wala sikio. Akaniita kwa jina langu la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine aliye hai anayeliita. "Umekawia."

"Nilikuwa jikoni, Maman."

"Jikoni, jikoni! Utakufia mule. Ata jiko yenu inafanana na yetu."

"Niliiga yenu."

"Ulifanya muzuri. Sikia," akashusha sauti, "kuko mugeni hapa. Maman mumoja, sijui ametumwa na nani. Hasemi sana, ananiangalia tu. Nafikiri iko na shida."

"Mupe chai, Maman."

"Ata miye nilikuwa naona vile."

Nilijifuta uso kwa peruki, maana ndicho kitambaa nilichokuwa nacho, nikarudi ndani nikapewa chai. Mama alichangamka, kama kila mtu aliyetoka kuongea na mwanawe.

"Ni huyu nilikuwa nasemesha. Mutoto muzuri sana. Shida yake ni moja: hatokake. Anakaa mu nyumba kama kuku ya kulalia."

"Na mayai yako wapi?" nikauliza.

"Njo najiuliza!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu kucheka naye ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa kufanya mle ndani kama mgeni.

Jioni nilivuka daraja na mashine zote tatu. Kaka akapiga kabla sijavua viatu.

"Amejifunza?"

"Hatuhamii, kaka. Si yeye, si mimi."

"Petite, ile ya zamani itakufa."

"Najua. Nitatafuta mbili za mfumo uleule, zisizozeeka sana, zenye alama tatu chini. Nitapanga kila kitu palepale kilipo: sombe palepale, picha yangu palepale."

"Na wewe binafsi? Chukua pomme, umuachie yeye ile ingine."

"Nikiwa na pomme, siku akipotea ndani ya yake nitajuaje anaona nini?"

Kaka ni mtu ambaye siku zote ana la kupanga. Safari hii akauliza polepole, "Alikujua?"

"Alinijua. Kwenye kioo."

Akakohoa, akaniuliza kama mvua imeanza kwetu.

Mafundi wa Kamembe, huku kwetu, wameahidi kunitafutia, na ahadi ya fundi mnaijua. Pomme moja mume wangu anaangalizia mpira, nyingine imelala kwenye boksi. Kila alasiri nakaa kwenye kiti kilekile, kitambaa kilekile kichwani, ukuta uleule nyuma yangu, maana sijui ni kipi kati ya hivyo kinachomwambia Mama kwamba mimi ni mimi, na siwezi kujaribu kuondoa kimoja ili nijue.

Kesho yake ya safari ile, alasiri, alipiga. Dari, sikio, paji.

"Jana nilikuwa na mugeni," akasema, yeye ambaye hata ya asubuhi huyasahau. "Maman mumoja wa mashine. Alikuya kunifundisha, lakini hajue kitu. Ata sambusa haijue."

"Alikusumbua, Maman?"

"Hapana. Alikunywa chai yote." Akafikiri kidogo. "Alikuwa na huzuni, yule. Akirudi, nimufungulie?"

"Umufungulie, Maman."