Msuko wa Waya wa Bibi Eliwaza

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya redio mjini Lushoto, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinishika mkono, akaweka kiganja changu juu ya bati linalopoza transista za amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti.

"Unasikia joto? Hilo ni la kazi. Ukilikuta na wimbo haupigwi, ujue kuna kitu kinaisumbua."

Kazi za nje ya karakana nilianzia Mazinde, huko chini ambako kila kitu ni cha moto, kisha nikarudishwa milimani kuhudumia vyombo vya makanisa. Ndipo nikaitwa kwenye kanisa la Magamba.

Bibi Eliwaza, kiongozi wa kwaya tangu ujana wake, alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Binti zake walivuta waya kutoka kanisani, kupitia matawi ya miti ya peasi, hadi kwenye spika iliyo kando ya mto wake. Nyaya zilikuwa nyembamba. Kwa kuhofia upepo, walizisuka nyingi pamoja, wakazibana kama nywele za sikukuu. Tangu hapo amplifaya ya kanisa ilikuwa imeungua mara mbili.

"Ikiungua tena, waya wa bibi tunaukata," aliniambia mzee wa kanisa, bila furaha.

Niliiwasha amplifaya bila wimbo, nikaweka kiganja. Moto! Nikachomoa msuko, polepole ikapoa. Nikampigia simu Fundi Mkuu.

"Amplifaya ni nzima," alisema. "Wewe tazama imebebeshwa nini."

Niwaeleze, vijana wangu. Nyaya zikibanana hivyo, huhifadhi umeme kati yake. Amplifaya nayo hujisikiliza ili ijisahihishe, na umeme ule huicheleweshea habari. Ni kama mwalimu anayeongoza kwaya kwa kusikiliza mwangwi wa ng'ambo ya bonde: kila sahihisho lake huchelewa. Basi amplifaya hutetemeka, kwa mawimbi ya juu yasiyosikika, hadi iungue.

"Kwa hiyo tuufumue?" aliuliza Naomi, binti mkubwa. "Mama huupapasa kama vile ananisuka mimi."

"Uacheni, dada."

Nilizungusha waya wa shaba juu ya rizista, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, nikapata koili ndogo, nikaifunga pale msuko unapoanzia. Koili hupitisha wimbo, lakini huikinga amplifaya na ule umeme wa kwenye msuko. Nikaiwasha tena, nikaweka kiganja. Baridi, kama jiwe la mtoni.

Jumapili ukungu ulishuka kutoka msituni, na kwaya ikaanza. Nilikimbia kwa bibi.

"Shikamoo bibi. Unasikia?"

"Marahaba. Nasikia. Sauti ya pili imelala, inashuka chini ya wimbo! Kamwambie Naomi, ndiye anayeongoza sasa."

Nilipofika kanisani, wimbo ulikuwa umekwisha.

Sasa nimestaafu, na bibi ametutoka. Msuko binti zake wameuvuta hadi nyumbani kwangu, hapa hapa Magamba, maana magoti yangu hayapandi tena kilima cha kanisa. Ukungu ukitanda, nyumba yangu huwa kama inaelea, na nyimbo huingia polepole.

Sauti ya pili bado inalala. Nikimwona Naomi Jumatatu, namwambia.