Ng'ombe wa Matanga ya Kanku

Mama mkwe wangu, Mushiya, amechinja katika mtaa wetu hapa Kolwezi kwa miaka thelathini. Harusi, ubatizo, matanga, anaitwa yeye. Kanisani kwetu hatuli kibudu, mnyama aliyekufa kabla kisu hakijamtoa damu, na kwa jambo hilo watu hawamuulizi mchungaji, wanamuuliza Mama. Akitikisa kichwa, nyama wanapewa mbwa, hata mwenye sherehe alie. Hata dada yake mwenyewe, Mama alimtupia mbuzi mzima namna hiyo, wakakaa mwaka hawasemezani.

Ijumaa ile nilimkuta amenyoosha miguu iliyovimba, hataki hata chai. Ndipo jirani yetu, Tata Mbayo, akapiga simu. Alikuwa amenunua ng'ombe kule Mutshatsha kwa ajili ya kumaliza matanga ya mke wake, Kanku, kesho yake. Watu wake walikuwa wakimswaga kuingia mjini, lori la shaba likamgonga. Halikusimama, bila shaka. Malori hayo yana haraka utadhani shaba inaoza.

Tulikwenda kwa pikipiki, tukamkuta Mbayo peke yake, watu wake amewarudisha. Ng'ombe alikuwa kando ya barabara, nyonga imevunjika, vumbi limemjaa machoni. Mama akamgusa jicho kwa kidole. Halikupepesa. Akakata shingo hivyo hivyo. Beseni nililishika mimi, kwa hiyo msibishane nami: ilitoka damu nzito, isiyojaza kikombe. Ng'ombe aliye hai angelifurisha.

Mama akainuka, mkono kiunoni. Mbayo akamsogelea.

"Mama, batu banakuya kesho. Mi siko na kitu ingine ya kubapatia. Sema tu ilikuwa muzima."

Mama akainama tena na kisu. Alipasua tumbo kabla halijavimba, akaitoa nyongo taratibu isije ikapasuka, akakata na kutupa nyama yote ya nyonga iliyovilia damu. Utumbo tuliuosha mara nne. Nyama tukaipaka chumvi na ndimu, tukaifunga kwenye turubai. Muda wote huo nilikuwa namchukia Mbayo kwa ombi lake. Kisha nikamwona anafukuza nzi kwa kofia yake, maskini mzee wa watu, na chuki ikanishinda kuibeba.

Jumamosi uani palijaa. Habari za lori zilikuwa zimefika kanisani, maana kwetu habari hazina miguu lakini hutangulia. Kabla chakula hakijapakuliwa, shemasi wetu, Tata Tshimanga, akasimama mbele ya wote. Huyo hata maharagwe angeyauliza yalikufaje.

"Mama Mushiya, kisu ilikuta ngombe muzima?"

Mbayo akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama chini vilevile.

"Ilikuta muzima," Mama akasema.

Tshimanga akamshukuru Mungu kwa sauti. Na kwetu aliyechinja ndiye anayeonja ini kwanza, kwa hiyo nilimpelekea sahani. Mama hajala kibudu maisha yake yote. Alitafuna polepole mpaka kipande cha mwisho, akafuta midomo kwa kitenge. Basi watu wakala, wakaimba, Kanku akaagwa kwa heshima, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Juma lililofuata walikuja wenye harusi, mbuzi wawili wanamsubiri. Mama akawaambia watafute mtu mwingine, yeye amechoka. Wakamwonea huruma, wakasema kweli, Mama, umefanya kazi nyingi, upumzike sasa. Wakaondoka wakimwombea baraka.

Nilikasirika. Kazi ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani asubuhi. Nikamwambia mbona anajiadhibu bure, hakuna anayejua isipokuwa sisi watatu, na mtaa mzima bado unaliamini neno lake.

Alikuwa anavua viatu. Alikaa na kimoja mkononi.

"Ni juu ya ile kuniamini njo maana nimekatala," akasema.