Zinia za Rangi ya Kaa la Moto

Mvua hizi zilipoanza nilikwenda sokoni, nikamng'atia muuza mbegu punje ya maua ya zinia kabla hatujakubaliana bei. "Mzee, unanunua au unakula?" Nikamwambia natafuta moyo mweupe ndani. Akawageukia wenzake, akawaambia leo kaja mteja mwenye njaa. Sikumweleza. Wewe nitakueleza.

Nililelewa Mkonze na bibi mzaa mama, enzi nyumba bado zina nafasi ya kupumua. Uani kwake, kila msimu wa mvua, zilichanua zinia za rangi ya kaa la moto. Hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Sisimizi wakibeba mbegu, bibi alizungushia majivu. Kuku wakiparua, alitandaza matawi ya miiba. Udongo mwekundu ukiganda baada ya mvua, alinipa kijiti niuvunje taratibu, miche ipate pa kutokea. Ikilegea na kuoza shingo, alifoka: "Nani kamwagia usiku? Maji asubuhi, tena kidogo." Elimu yote hiyo niliimeza pamoja na uji wa uwele.

Ng'ambo ya ua aliishi jirani, mama mjane aliyenikaangia karanga. Kila msimu aliomba mbegu, bibi akafunga kwenye kipande cha gazeti, mimi nikapeleka. Hazikuota. Nikajifanya bwana shamba kwa yule jirani: umezifukia chini mno, hao ni sisimizi, punguza maji. Akafuata yote. Hazikuota. Nikisimulia nyumbani, bibi alikoroga mlenda bila kuinua macho. "Ana mkono mbaya huyo."

Msimu mwingine jirani alifungua gazeti, akang'ata punje moja, akaitema kiganjani. Ganda tupu.

"Mjukuu wangu, haya makapi. Maua ya mbegu zangu bibi yako anayachuma mabichi. Yake anayaacha yakauke kwenye shina."

"Labda hajui."

"Bibi yako? Kula karanga, mwanangu. Usimwambie kitu."

Nilirudi, nikapanda kwenye kichanja cha jikoni palipokuwa na chungu cha mbegu cha bibi. Nikang'ata moja. Nyeupe, imejaa. Nikang'ata ya pili, maana sikutaka kuamini ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka, kwa mikono miwili na shikamoo.

Mwaka uliofuata bibi alipanda mbegu zote, mvua ikakatika, na mbuzi wakamaliza kilichobaki. Akaniita, sauti ya chini: "Hebu nenda kwa jirani. Muulize kama alibakiza hata punje."

Nilimtazama. Akatazama majivu.

Jirani hakucheka. "Mwambie nilipanda zote alizonipa."

Wote wawili wametangulia. Pale uani pana nyumba ya kupangisha, na sakafu ya saruji hadi ukutani. Mbegu za sokoni nilizichukua, baada ya kung'ata mbili. Zimeota vizuri, zimechanua rangi ya waridi, njano, nyeupe. Kila asubuhi nazipitia moja moja, kisha narudia. Ile rangi haimo.