Singa za Ng'ombe Mweupe

Jogoo wa Specioza hakuchinjwa hata sikukuu. Wageni walikuja Krismasi wakala ugali na mlenda, huku jogoo yule mwekundu, shingo yake ikimeta kama shaba iliyosuguliwa, akipita katikati ya miguu yao bila wasiwasi. Watu wa kitongoji chao, huko Sapiwi, wakasema yule mjane ni mchoyo. Hawakujua kwamba jogoo alikuwa mfanyakazi mwenzake. Kila alipomhitaji, Specioza alimshika, akampakata, akamchomoa unyoya mmoja mmoja wa shingoni, kisha akamwachia aende zake akilalamika.

Unyoya ule aliuzungushia kwenye ndoano ndogo kuliko kucha ya mtoto. Ndoano aliibana kwanza kwenye jiliwa alilolifunga ukingoni mwa meza, akaivika uzi, akaongeza nywele kidogo na unyoya wa kanga wenye madoadoa, akakaza fundo, akapaka gundi. Mwishowe alikuwa na nzi. Hakuwa nzi wa kweli, lakini akiloa majini, samaki hakutambua tofauti. Nzi hao Specioza aliwapanga kwenye vikopo, akawapeleka Bariadi mjini kwa Gharib, mwenye duka la vifaa karibu na stendi, naye Gharib akawatuma Kenya kwa basi. Huko kulikuwa na watu waliowanunua kwa ajili ya kuvulia samaki aitwaye trauti, kwenye maziwa ya milimani.

Kazi hiyo hakuzaliwa nayo. Specioza alizaliwa Kimali, Meatu, kwa watu wa ng'ombe na mtama, ambako samaki alikuwa yule mkavu anayekuja mnadani kwenye tenga. Akaolewa na Januarius wa Sapiwi, dereva wa malori, na Januarius akahamishia maisha yao Nairobi. Huko Specioza akapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kufunga nzi, akina mama pekee, wamekaa safu mbele ya majiliwa yao. Mwenye kiwanda alikuwa mzee mmoja mpole aliyeamini kwamba huwezi kutengeneza kitu usichojua kazi yake. Kwa hiyo siku moja aliwapakia wote kwenye gari akawapeleka juu milimani, kwenye ziwa dogo lenye maji meusi na baridi ya kuumiza meno, akawafundisha kurusha mshipi.

Wenzake wengi walitupa mara mbili tatu, wakarudi garini kujifunika kanga. Specioza alibaki majini. Aligundua kwamba nzi hana uzito. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, mnene, wa rangi ya limau, na mkono ukiupeleka nyuma sharti uusubiri unyooke kabla ya kuurudisha mbele. Ukiharakisha, unapiga kelele kama mjeledi na kuanguka chini kama utumbo. Ukiusubiri, unatua juu ya maji bila kuyaamsha. Jioni ile trauti mmoja alimkamata nzi wake, samaki mwenye madoa na mstari wa waridi ubavuni, na Specioza alicheka peke yake kama mtu aliyeambiwa siri.

Januarius alipofariki kwa ajali, alirudi Sapiwi na binti yake, Goodness, aliyekuwa bado msichana wa shule. Mzee wa kiwanda alimuaga kwa kumpa jiliwa, ndoano, na fimbo ya kuvulia ya vipande vinne pamoja na kigurudumu chake cha mshipi. Mabula, mdogo wake Januarius, alimpa shemeji yake nyumba ya bati upande wa mwisho wa boma. Watu hawakumbughudhi. Goodness alisoma, akapata kazi Mwanza. Specioza alibaki na shamba lake la pamba, jogoo wake, na meza iliyotazama dirishani.

Ng'ombe mweupe wa Mabula ndiye aliyeleta balaa.

Alikuwa jike zuri, mwenye mkia uliokaribia kugusa ardhi, na singa zake zilikuwa nyeupe kama pamba iliyopasuka. Kuna nzi mkubwa anayefungwa kwa singa za namna hiyo. Ndani ya maji huonekana kama kisamaki kinachokimbia. Asubuhi moja Specioza alimkuta Mabula zizini, wakasalimiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Shemeji, naomba singa kidogo za mkia wa huyu mweupe."

Mabula alicheka. "Chukua, mradi usiondoke na mkia."

Specioza akakata kishungi kwa mkasi, akashukuru, akaenda zake. Mvua zilipopungua, ng'ombe yule akaanza kuhema kwa shida, masikio yakalala, akaacha kula, akafa. Bwana mifugo alisema ni ugonjwa wa kupe. Hakuna aliyembishia. Lakini kupe aliyekaa kwa ng'ombe miaka yote bila kumuua, mwaka huu nani amemtuma? Hapo ndipo mtu akakumbuka mkasi. Mwingine akakumbuka manyoya, vikopo, nyuzi, na yule jogoo asiyechinjwa. Neno likazunguka visimani: nogi. Mchawi.

Specioza alilijua kwanza kwa mgongo. Alipopita, mazungumzo yalikatika nyuma yake. Kisha Milembe, mke wa Mabula, ambaye walikuwa wakichota maji pamoja, akaanza kwenda kisimani saa nyingine. Kisha mkuu wa sungusungu, Mzee Masunga, akaita dagashida, baraza lile la kijiji ambalo likikutenga, hakuna atakayekupa moto wala kukuzika.

Goodness alipiga simu akilia. "Mama, njoo Mwanza leo hii."

"Nikikimbia nimekubali," alisema Specioza. Akaikata simu, akaketi kitandani. Alimjua mwanamke wa kijiji cha jirani aliyeanza hivihivi, kwa kusemwa visimani, na hakufika uzeeni.

Barazani, wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili. Specioza alisimama katikati na vikopo vyake. Masunga, mzee mrefu mwenye kofia ya pama aliyoipenda kuliko watoto wake, alimwita kwa heshima, kama mama.

"Mayu, ulikata singa za ng'ombe wa Mabula?"

"Nilikata. Niliomba, nikapewa."

Masunga akageuka. "Mabula, ulimpa?"

Mabula aliangalia viatu vyake. Alikuwa amempoteza ng'ombe wake bora, majirani wote walikuwa wamempa pole kwa sauti ya kumwonya, na alichoogopa zaidi ni kuonekana amemfuga mchawi bomani mwake. "Sikumbuki," alisema.

Specioza angeweza kumwita mwongo mbele ya watu. Lakini alimwona alivyokonda, akasema tu: "Basi nitawaonyesha nilizifanyia nini. Twendeni lamboni."

Asubuhi iliyofuata, nusu ya kijiji iliteremka naye. Lambo lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wakinywa ng'ambo. Specioza aliunganisha vipande vya fimbo kimoja baada ya kingine. Akapitisha mshipi wa limau kwenye vipete, akafunga mwishoni nailoni nyembamba isiyoonekana, na mwisho wa nailoni nzi wa singa nyeupe. Akavua ndala, akaingia hadi magotini.

Mshipi ulipoanza kwenda nyuma na mbele juu ya kichwa chake, ukijikunja na kujinyoosha hewani, wanawake waliguna kwa pamoja. Kwa kweli ilitisha. Mtu asiyejua angesema anaita kitu.

Nzi alitua. Akamvuta taratibu. Hakuna kitu. Akarusha tena. Jua lilipanda, na watu waliokuja kuona ajabu wakaona mwanamke anayetupa kamba majini. Wengine waliondoka. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wachawi hawavui mchana. Specioza alirusha na kurusha, mkono ukianza kuchoka, na alianza kuharakisha, na mshipi ukaanza kupiga kelele kama mjeledi.

"Lete hapa," alisema Mabula ghafla. Hakuna aliyejua kwa nini alisema. Labda aibu, labda hasira. Akaingia majini na viatu vyake, akachukua fimbo. "Ni kamba tu hii. Nani anashindwa na kamba?"

"Taratibu, shemeji. Isubiri nyuma..."

Hakusubiri. Alirusha kama anayepiga ng'ombe. Nzi alirudi kwa kasi ukingoni, akainasa kofia ya Masunga, akaing'oa kichwani, na Mabula alipovuta mbele kwa nguvu zote, kofia iliruka juu ya vichwa vya watu, ikazunguka hewani, ikaangukia katikati ya lambo.

Mzee Masunga alibaki kashika upara wake. Kisha kikongwe mmoja upande wa wanawake akaachia kicheko, na kicheko kile kikawa kama moto wa nyasi. Walicheka wakashikana mabega. Walicheka mpaka waliokuwa wameondoka wakarudi mbio kuuliza kuna nini. Mwishowe Masunga mwenyewe alicheka, akafuta macho, akasema, "Mayu, kamba yako imenivua kofia. Sasa nivulie."

Specioza aliirudisha fimbo mkononi mwake, na mkono ulikuwa umelegea kwa kucheka. Akamvuta nzi taratibu, kofia ikija naye kama bata aliyezama nusu. Akaichomoa, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akarusha tena, bila kufikiri, akausubiri mshipi nyuma unyooke, na nzi akatua pembeni mwa matete bila kuyaamsha maji.

Fimbo ikainama.

Alikuwa sato, mkubwa kiasi cha kujaza sahani, akipigapiga mkia ukingoni kati ya miguu ya watu. Masunga aliinama, akamtoa nzi mdomoni mwa samaki, akamshika kwenye mwanga. Singa nyeupe zilikuwa zimeloa na kushikamana, na hakuna mfugaji pale ambaye hakuzitambua.

"Mabula," alisema, "ng'ombe wako amevua samaki."

"Na ruhusa alimpa yeye mwenyewe." Ilikuwa sauti ya Milembe. Alisimama mbele ya wanawake wenzake, mikono imefungwa kifuani, hamtazami mumewe. "Nilikuwa nakamua. Nilisikia kwa masikio yangu. Alisema, chukua, mradi usiondoke na mkia. Nami nimenyamaza na haki sijatenda."

Mabula hakukana. Alibaki ndani ya maji, viatu vimejaa tope, akainamisha kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoitaka. Dagashida ilimtoza mbuzi kwa kuficha neno, na mbuzi yule aliliwa palepale lamboni jioni, Specioza akipewa ini. Mabula alimletea mwenyewe. "Nisamehe, shemeji," alisema. Alimsamehe, kwa sababu alimjua, na kwa sababu kokote ambako angekwenda kulikuwa na watu wanaoogopa.

Lakini usingizi haukurudi vizuri. Kila mfugo ulipokohoa usiku, Specioza aliamka. Msimu wa pamba ulipoisha, alihamia Bariadi, kwenye chumba nyuma ya duka la Gharib, ambako mwanamke mwenye manyoya na nyuzi ni fundi tu kama mafundi wengine. Mabula ndiye aliyebeba meza yake kwenye mkokoteni.

Milembe humfuata siku za mnada. Alianza kwa kuleta maziwa, kisha kwa kukaa kidogo, kisha siku moja akaomba kujaribu. Nzi wake wa kwanza alifanana na panya aliyenyeshewa. Gharib alimtazama, akasema kwa adabu kwamba huenda kuna samaki asiyeona vizuri. Sasa Milembe anafunga safi, ingawa anakaza uzi kama anafunga mzigo wa kuni.

Juzi, wakiwa mezani, aliuliza: "Mama Goodness, huyo trauti nyama yake ikoje?"

"Sijui. Sikumla."

"Ulimvua ukamfanyia nini?"

"Tulimrudisha ziwani. Ndivyo wanavyofanya. Wanamvua, wanamtazama, wanamrudisha."

Milembe aliweka mkasi chini. Akamtazama kuona kama anataniwa.

"Wanapanda mlima, kwenye baridi yote hiyo, na vifaa vyote hivi, halafu wanamrudisha?"

"Ndiyo."

"Basi, mayu," alisema Milembe, akichukua ndoano nyingine, "hao ndio wa kuitwa mbele ya dagashida."