Wifi na Unga wa Kuhifadhi Pilipili

Wifi yangu nitamsema mpaka ulimi ukauke, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Miaka sita tulipika pamoja pilipili ya chupa, kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa wakwe. Mimi ndiye niliyepima benzoeti, ule unga mweupe unaozuia sosi isichachuke wala kuota ukungu. Nilipima kwa mizani, isizidi gramu moja kwa kilo ya sosi. Wifi alikuwa akinicheka, eti najifanya muuza dhahabu.

Mume wangu alipofariki, hata machozi hayajakauka, wifi akabadilisha kufuli la kile chumba cha kupikia. Halafu akazunguka maduka yote ya mtaani akisema nilikuwa nawalisha watu sumu, na kwamba sasa anapika yeye, bila dawa. Wenye maduka wakaanza kunikwepa. Wanangu wawili walikuwa wakila kwa pilipili hiyohiyo. Nilimchukia, nikaapa atanitambua.

Wala sikuinua kidole. Chupa zake za plastiki zilianza kuvimba na kurusha vizibo. Akanunua unga kimyakimya, akawa anachota kwa kijiko, anakisia tu. Tena alikuwa amepunguza siki ili sosi iwe laini mdomoni, na unga ule haufui dafu mahali pasipo na uchachu. Chupa zikavimba tena, naye akaongeza kijiko, na kingine.

Ndipo akaja kwangu na chupa mkononi, kanywea, anauliza kulikoni. Nilitamani kumwacha aumbuke, lakini sosi ile ilikuwa inaliwa na watoto wa watu. Nikamwambia jibu atalipata kwenye duka la mtaani, akishakiri uongo wake mbele ya wateja.

Pale dukani alikiri uongo wake kwa sauti ndogo. Nikamwambia arudie, wa nyuma hawajasikia. Akarudia. Nikawaeleza watu kwamba unga ule ukipimwa hauna neno, ila huyu kaumwaga ovyo, kwa hiyo chupa zake zote zitolewe. Akazimwaga mwenyewe, moja moja, nami nimesimama pembeni nakula raha.

Mwenye duka akaniomba nianze kumletea zangu. Wifi akanishika mkono.

"Sasa wifi, mimi nitakula nini?"

"Waulize wanangu," nikamwambia. "Si wewe ni shangazi yao? Watakueleza walikula nini mwaka mzima."