Mpanga Viti wa Wizara ya Mambo ya Nje

Jamhuri yetu ilikuwa na miezi minne tu, na mpanga viti wa wizara alikuwa hana futi wala kamba. Alipima kwa shibiri, mbili na nusu baina ya kiti na kiti, huku akivinong'oneza kama anayebembeleza mtoto. Kadi yenye jina la nchi aliiweka kwa ncha za vidole viwili, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, kisha akaisogeza kiasi cha unywele. Kanuni yake ilikuwa moja: balozi aliyetangulia kumkabidhi rais hati za utambulisho ndiye anayekaa mbele.

Siku ya dhifa yetu ya kwanza, sisi makarani viatu vipya vinatubana na vicheko havituishi, akaja katibu kijana wa ubalozi wa waliotutawala. Akakuta kadi yao ni ya pili, baada ya jirani zetu, ambao balozi wao alifika kwa lori, vumbi mpaka kwenye kope, akakabidhi hati zake siku moja kabla yao. Akazibadilisha kadi hizo mbili. Mpanga viti akazirudisha.

"Mzee, kiti hicho tumekikalia miaka sitini."

"Basi mmechoka, mwanangu. Leo pumzikeni kidogo."

"Namwambia waziri. Kazi huna."

"Mwambie. Huyo anaingia."

Tukampisha mlangoni. Waziri akasikiliza mashtaka yote, akauliza, "Nani alitangulia?" Mzee akataja siku na saa. Waziri akavua kofia.

"Haya, mzee wangu, nionyeshe na mimi pa kukaa."