Kitanda Alichokatwa Ndunge

Ndunge alikuwa mshonaji wa magunia katika kiwanda kimoja huko Athi River. Kila mwisho wa mwezi mshahara wake ulikatwa bima ya hospitali ya serikali, naye hakulalamika. Aliwajua wenzake waliowahi kulazwa, bima ikawalipia kitanda, wakarudi nyumbani salama. Ndiyo maana mwaka 2003, alipojifungua kwa upasuaji katika hospitali ya kibinafsi mjini Machakos, alitoa kadi yake bila wasiwasi.

Siku ya kuruhusiwa, karani alimrudishia kadi. "Mama, bima inasema huna kitu. Kampuni yenu haijapeleka michango tangu mwaka jana."

"Na ile nakatwa inaenda wapi?"

"Hiyo uliza huko kazini."

Akahamishiwa mwisho wa wadi, kwa akina mama waliopona lakini hawajalipa. Walilala wawili wawili kitandani, askari mlangoni wa kuwazuia wasitoke kabla ya kulipa. Mshono ulimuuma, na mtoto alikuwa analia.

Mama mkwe wake, Kamanthe, alikuja kutoka Katelembo akataka wauze ng'ombe.

"Hapana, mwaitu, mama yangu," Ndunge alisema. "Mimi nimeshalipa. Silipi mara ya pili kwa sababu ya mwizi."

Alimwomba rafiki yake wa kazini, Wanza, awaambie wafanyakazi wote kiwandani kwamba michango yao haipelekwi. Kesho yake mashine zilinyamaza. Meneja mwenyewe akaja hospitalini, amebeba ndizi.

"Ndunge, haya ni mambo madogo. Nitakulipia yote leo. Wewe waambie wenzako warudi kazini."

"Na wao wakiugua?"

"Hiyo tutaangalia baadaye."

"Baadaye gani? Wakishazikwa?" Wadi nzima iligeuka. "Umekula kitanda changu, sasa unaniletea ndizi? Toka nazo!"

Alibaki pale wiki nyingine, na wenzake wakabaki nje ya geti la kiwanda. Mwishowe kampuni ilipeleka michango ya kila mtu. Bima ikalipa kitanda. Gharama ya upasuaji, ambayo bima haikulipia, ilimbidi meneja ailipe ndipo wafanyakazi warudi kazini.

Likizo ya uzazi ilipoisha, Ndunge alizuiwa getini. Kazi yake ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Siku hizi anauza nguo za mitumba katika soko la Tala. Wanza naye alijifungua mwaka uliofuata, akatoka hospitalini siku ile ile aliyoruhusiwa. Ndunge alimfurahia sana. Lakini yeye hajamsamehe yule meneja, na ukimwambia asamehe, atakufukuza kibandani kwake.